Mbega si ndugu wa ng'ombe: tuvilinganishe vimeng'enya vya primati kwa makini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie jambo linalotajwa mara nyingi na kufafanuliwa mara chache. Ikiandikwa habari ya sokwe wa Kibale au gorila wa Bwindi, msomaji huambiwa kuwa binadamu na sokwe wanafanana kwa asilimia 98 au 99, na habari huishia hapo. Tarakimu hiyo si ya uongo. Mwaka 1975 Mary-Claire King na Allan Wilson wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walikusanya vipimo vya protini vya wakati huo, vingi vikiwa vya vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kemikali mwilini), wakaona kuwa protini za binadamu na za sokwe zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99. Lakini wao waliitumia tarakimu hiyo kuuliza swali: ikiwa protini zimekaribiana hivyo, tofauti kubwa ya maumbile na mwenendo inatoka wapi? Sisi huku tumebaki na tarakimu, swali tumelisahau.

Hoja yetu ni kwamba asilimia peke yake haimwelezi mtu mageuko. Anayetaka kuelewa ajue ni nafasi ipi ya kimeng'enya iliyobadilika, nafasi hiyo ina kazi gani, na kimeng'enya chenyewe kinafanya kazi katika tumbo la namna gani. Wanyama wa kufundishia jambo hili tunao hapa Uganda. Kibale peke yake ina spishi 13 za primati, yaani kundi la komba, kima, nyani, sokwe na sisi wenyewe.

Tuanze na mbega, kwa kuwa ndiye mwalimu bora. Mbega mweusi na mweupe, yule anayeonekana hata kwenye miti ya Bustani ya Mimea ya Entebbe, anaishi kwa majani. Tumbo lake lina vyumba, na chumba cha mbele kimejaa bakteria wanaochachusha majani hayo. Chakula kikiteremka, bakteria nao huteremka, na mbega huwameng'enya wao pia. Ng'ombe wa Ankole anafanya vivyo hivyo. Ili kuwapasua bakteria hao, wote wawili wanamwaga tumboni kimeng'enya kinachoitwa lisozimu. Sisi tunacho katika machozi na mate, na kuku anacho kwa wingi katika ute mweupe wa yai. Kazi yake ni kukata ukuta wa bakteria.

Lisozimu ya binadamu ni mnyororo wa asidi amino 130, yaani vipande vinavyounda protini. Zinazokata hasa ni mbili: asidi glutamiki ya nafasi ya 35 na asidi aspatiki ya nafasi ya 53. Hizo hazichezewi, ukibadilisha moja, mkasi umekuwa butu. Mabadiliko yenye habari yako kwingineko. Mwaka 1987 Caro-Beth Stewart, James Schilling na Allan Wilson walionyesha kuwa lisozimu ya tumbo la langur, kima mla majani wa Asia ambaye ni wa ukoo mmoja na mbega wetu, imebadilika katika nafasi zile zile ambapo lisozimu ya tumbo la ng'ombe imebadilika. Katika nafasi ya 14 na ya 21 binadamu ana arginini; langur na ng'ombe wana lisini. Nafasi ya 75 sisi tuna asparajini, wao wana asidi aspatiki. Nafasi ya 87 ni kinyume: sisi tuna asidi aspatiki, wao wana asparajini.

Mtu anayehesabu tu kufanana kwa nafasi hizo atajikuta anamsogeza langur kwa ng'ombe. Hapo ndipo kosa kubwa la kazi hii lilipo. Wanyama hao wawili hawakurithi nafasi hizo kwa babu mmoja. Kila mmoja alizipata kivyake kwa sababu tumbo lake lilidai kimeng'enya kinachofanya kazi kwenye asidi, karibu na pH 5 (pH ni kipimo cha uasidi; ikishuka, asidi ni kali zaidi), na kinachostahimili kukatwa na pepsini, kimeng'enya cha tumboni kinachokata protini. Kuhusu arginini, imependekezwa kwamba uchachushaji wa bakteria hutoa daiasetili, kemikali inayoishika arginini na kuiharibu, na lisini haishikwi hivyo. Tena njia zao ni tofauti. Ng'ombe ana jeni za lisozimu zipatazo kumi, na nne kati yake hufanya kazi tumboni, ilhali kima wala majani wamelifikia lengo hilo kwa jeni moja tu iliyopewa kazi mpya. Kuna kufanana kwa ukoo na kuna kufanana kwa kazi, na atakayevichanganya atachora mti wa ukoo ulio na matawi yasiyokuwapo.

Basi kufanana kwa ukoo kunajulikanaje? Ushahidi mzuri zaidi, kwa maoni yetu, uko katika vimeng'enya vilivyokufa. Urikasi ni kimeng'enya kinachovunja asidi uriki. Nyani anacho na kinafanya kazi. Binadamu, sokwe, gorila na orangutani hawanacho, ingawa mabaki ya jeni yake wangali nayo, na ndani ya mabaki hayo wote wanne wana alama ile ile ya kusimamisha usomaji mahali pale pale, kwenye neno la 33 la jeni. Giboni, primati mdogo asiye na mkia wa Asia, naye amepoteza urikasi, lakini jeni yake imevunjika kwa namna nyingine. Mwalimu yeyote anayesahihisha mitihani anaelewa maana yake. Jibu sahihi linaweza kufanana kwa wanafunzi wawili wasiojuana, lakini kosa la ajabu lile lile, kwenye mstari ule ule, lina chanzo kimoja. Hasara yake tunaiona kliniki: asidi uriki hubaki damuni, na ikizidi huganda vifundoni ikaitwa jongo. Mojawapo ya dawa za jongo sugu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, ni urikasi ya nguruwe iliyounganishwa na kipande cha ile ya nyani.

Komba naye ana lake. Yule mnyama mdogo mwenye macho makubwa anayelia usiku bado ana kimeng'enya cha mwisho katika njia ya kutengeneza vitamini C. Kima, nyani, sokwe na sisi jeni hiyo imetuharibikia zamani sana, na ndiyo maana baharia asiye na matunda anapata kiseyeye. Maswali mawili kwa mwanafunzi: nani anayo, nani hana? Akiyajibu, mgawanyiko mkubwa wa kwanza wa primati ameuona bila kuhesabu asilimia hata moja.

Sasa tuje maabara, maana tunapata maswali mengi kuhusu namna ya kupima, na majibu yanayozunguka mitandaoni yanaruka hatua muhimu. Lisozimu ni rahisi kupima kwa sababu kinachokatwa kinaonekana kwa macho: maziwamaziwa ya bakteria yanaanza kuwa maangavu. Chukua bakteria waliokaushwa wa Micrococcus luteus miligramu 15, uwachanganye na mililita 100 za bafa (kimiminika kinachozuia pH isibadilike) ya potasiamu fosfeti, milimola 66 kwa lita, pH 6.24. Kwenye spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaozuiwa na kimiminika, wimbi la nanomita 450, mchanganyiko usome kati ya 0.6 na 0.7 ukilinganishwa na bafa tupu. Ukisoma juu ya hapo, punguza makali kwa bafa. Chini ya hapo, ongeza bakteria. Tia mililita 2.5 kwenye kuveti, yaani kichupa angavu cha mashine hiyo, subiri ifikie nyuzi 25, tia mililita 0.1 ya kimeng'enya, pindua taratibu, kisha andika usomaji kwa dakika 5. Kipimo kimoja cha lisozimu ni kile kinachoshusha usomaji kwa 0.001 kwa dakika katika hali hiyo. Tuseme usomaji unashuka kwa 0.025 kwa dakika, na kuveti isiyo na kimeng'enya inashuka kwa 0.002. Tofauti ni 0.023, yaani vipimo 23 katika mililita 0.1, sawa na vipimo 230 kwa mililita, mara kiasi ulichozimulia. Ute wa yai la kuku unatosha kwa mazoezi, lakini uzimue sana, la sivyo kuveti itakuwa angavu kabla hujafunga kifuniko cha mashine.

Kuveti isiyo na kimeng'enya watu huipuuza, nayo ndiyo inayookoa kazi. Bakteria hutuama chini wenyewe, na wakituama mwanga unapita zaidi, usomaji unashuka, nawe utadhani kimeng'enya kinafanya kazi. Tikisa chupa kila unapochota. Tumia sehemu ya mwanzo tu ya mchoro, pale mstari ulipo mnyoofu. Kimeng'enya kilichozimuliwa sana kisiachwe mezani saa nzima, kwa kuwa hushika kwenye kuta za chombo, nawe utapima kidogo kuliko ulichotia.

Kupima lisozimu moja ni jambo jepesi. Kulinganisha ya binadamu na ya mbega ndiko kunakohitaji uangalifu, na hapo ndipo hata watu wa chuo huteleza. Wengi huvipima vyote viwili kwenye pH 6.24 kwa sababu ndivyo karatasi ya maelekezo inavyosema, kisha hutangaza kuwa cha mbega ni dhaifu. Umempima mwogeleaji nchi kavu. Inapasa kupima kwenye pH kadhaa, tuseme 4.5, 5, 5.5, 6, 6.5 na 7, na kwa kila pH iwepo kuveti yake isiyo na kimeng'enya, maana bakteria wenyewe huweza kushikamana kwenye asidi na kubadilisha usomaji. Fosfeti haifai kwenye pH 5. Nguvu yake iko karibu na 7.2, na chini huko tone la asidi linaipeleka linakotaka. Asetati ndiyo inayofaa huko, kwa kuwa nguvu yake iko karibu na 4.8.

Ukibadilisha bafa, umebadilisha na chumvi. Lisozimu ina chaji chanya nyingi na ukuta wa bakteria una chaji hasi, kwa hiyo kasi yake inategemea chumvi karibu sawa na inavyotegemea pH. Hata fosfeti ile ile ya milimola 66 haina nguvu moja ya ioni, yaani wingi wa chaji za chumvi, kwenye pH 6 na pH 7. Hesabu nguvu ya ioni ya kila bafa, kisha zilinganishe zote kwa kuongeza chumvi ya kawaida kwa zile zilizo chini. Halafu pima pH moja ya katikati, mathalani 5.6, kwa bafa mbili tofauti. Majibu yakikubaliana, endelea. Yakitofautiana, bafa ndiyo inayosema, si kimeng'enya.

Jambo hili la pH limeleta ugunduzi mwingine mzuri kwa ukoo wa mbega. Bakteria waliopasuliwa wanaacha RNA nyingi, kemikali inayobeba ujumbe wa jeni, na kipo ribonukleasi, kimeng'enya cha kongosho cha kuikata. Mwaka 2002 Jianzhi Zhang na wenzake walionyesha kuwa douc, kima mla majani wa Asia, ana nakala mbili za jeni hiyo. Kimeng'enya cha nakala ya zamani hufanya kazi vizuri zaidi kwenye pH 7.4 kama cha binadamu. Cha nakala mpya kimehamia pH 6.3, inayolingana na utumbo wa mnyama huyo. Mwaka 2006 Zhang akarudi na mbega wa Afrika, guereza yule yule wa Entebbe, akakuta nakala tatu, na kwamba jeni ilijirudufu Afrika kivyake na Asia kivyake, na baadhi ya mabadiliko ya asidi amino yakatokea sawasawa pande zote mbili. Mtu aliyepima kwenye pH moja tu asingeona lolote katika haya.

Kuna wanaotuuliza kuhusu pombe, nasi tunalijibu kwa furaha kwa kuwa hapa ni nchi ya tonto, pombe ya ndizi. Kimeng'enya ADH4 kiko mdomoni, kooni na tumboni, na ni cha kwanza kukutana na kileo. Mwaka 2014 timu ya Matthew Carrigan ilitengeneza upya vimeng'enya vya mababu wa primati kwa kukisia mfuatano wao kutoka kwa wazao, kisha ikavipima. Badiliko moja, alanini kuwa valini katika nafasi ya 294, liliongeza uwezo wa kuvunja ethanoli kwa takriban mara 40. Lilitokea miaka ipatayo milioni 10 iliyopita, kwa babu wa binadamu, sokwe na gorila, orangutani hana. Maelezo yao ni kwamba babu huyo alianza kukaa zaidi ardhini na kuokota matunda yaliyoanguka na kuchacha. Nafasi moja kati ya mamia: kwa asilimia ni kama hakuna kilichotokea.

Kazi hiyo ya 2014 inaonyesha pia kuwa si lazima mnyama aguswe. Mfuatano ukiwa katika hifadhidata, jeni yake inaweza kuundwa maabara na kimeng'enya kikatengenezwa na vijidudu. Kwa lisozimu, tahadhari moja: ina madaraja manne ya salfa, na bakteria E. coli hushindwa kuyafunga sawasawa, kwa hiyo protini hujikusanya kama mabonge yasiyofanya kazi. Chachu, hasa Pichia, huikunja vizuri na kuitoa nje ya seli, na kuisafisha kunakuwa rahisi.

Anayehitaji DNA ya mnyama wa porini atumie kinyesi. Gramu 5 hivi, zikiwa mbichi, hutiwa katika mililita 30 za ethanoli kali kwa saa 24 hadi 36, kisha hukaushwa juu ya silika kwenye mrija wa mililita 50. Usiruke silika, ethanoli ikiachwa peke yake kwenye joto kwa majuma kadhaa, DNA hukatikakatika. Kinyesi cha mla majani kina kemikali za mimea zinazozuia PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi maabara, kwa hiyo sampuli isiyotoa kitu izimuliwe mara 10 na kujaribiwa tena kabla ya kutupwa. Hatari kubwa kuliko zote ni DNA ya anayepima. Lisozimu ya binadamu na ya sokwe ni ile ile, asidi amino zote 130 bila tofauti hata moja. Ukikohoa juu ya mrija, utapata mfuatano safi kabisa wa sokwe ambao kwa kweli ni wako, na protini haitakuumbua. Soma na sehemu za jeni zisizotafsiriwa kuwa protini, ambako tofauti zipo, na kila siku ya kazi uwe na mrija usio na sampuli unaopitishwa hatua zote. Vibali vya Mamlaka ya Wanyamapori Uganda na vya Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia vitafutwe kabla ya kuingia msituni, wala damu au tishu ya primati haivuki mpaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Shule isiyo na mashine yoyote inaweza kuanza kesho. Pakua kutoka hifadhidata ya UniProt, ambayo ni bure, lisozimu ya binadamu, sokwe, nyani, mbega, na ile ya tumbo la ng'ombe. Zichape kwa herufi za upana mmoja, moja chini ya nyingine, na wanafunzi wapake rangi kila herufi inayotofautiana. Kabla hawajahesabu, waangalie mwanzo wa mnyororo: hifadhidata inaonyesha herufi 148 kwa binadamu, kwa kuwa 18 za kwanza ni mkia wa kutolea protini nje ya seli, na hukatwa. Asiyeziondoa ataitafuta nafasi ya 14 na kuikuta ndani ya mkia huo, na zoezi zima litaharibika. Baada ya kuzikata, mnyororo uanze na K-V-F-E-R kwa binadamu. Mwingine unaweza kuwa na I mahali pa V. Ng'ombe ana herufi 129, si 130, na pengo lake liko baada ya nafasi ya 100. Wasipoacha nafasi wazi hapo, kila kitu cha mbele kitaonekana kuwa tofauti.

Kisha wachore miti miwili: mmoja kwa kutumia herufi zote, mwingine kwa kutumia nafasi za 14, 21, 75 na 87 tu. Mti wa kwanza utamweka mbega na kima wenzake. Wa pili utamtupa kwa ng'ombe. Hapo mwalimu asiseme kitu kwanza; awaulize mbega anakula nini.

Wenu,
Walimu wa biolojia na mafundi wa maabara,
Fort Portal